Kuku wadogo wa nusu kilo: ni mapishi gani yanayowafaa?

Mwenyeji wa Ligula aliuliza:

Habari za jioni, wapishi wenzangu. Ninaishi hapa Mtwara mjini, na mwishoni mwa mwezi nitapokea wageni kutoka ukweni, ambao pamoja nasi wenyeji tutafika watu wanane. Jirani yangu anayefuga kuku wa nyama amekubali kuniuzia wachache kabla hawajafikia uzito wa sokoni, kwa hiyo kila mmoja akishachinjwa na kunyonyolewa atabaki na gramu 500 hadi 700 hivi. Nimependa kila mtu awekewe kuku wake mzima, kwa sababu kuku mkubwa akigawanywa mezani huwa hakukosekani minong'ono kuhusu nani kapewa paja, nani kaachiwa mgongo na firigisi imekwenda wapi, na mbele ya wakwe nisingependa mambo hayo yajitokeze.

Nina jiko la mkaa, jiko la gesi la mafiga mawili, wavu wa kuchomea na sufuria nzito zenye mifuniko, lakini oveni sina. Nyumbani kwetu tumezoea kumchemsha kuku kwanza kwa chumvi, tangawizi na ndimu, kisha ndipo akaangwe au achomwe. Je, utaratibu huo unawafaa kuku wa umri huu, au kuna njia nyingine zilizo bora? Jirani huyo anafuga pia kware, na ningependa kujua kama wanaweza kupikwa pamoja na hao kuku kwa namna moja.

Mpishi mstaafu, Lindi:

Ndugu mwenyeji, salaam. Nimepika hotelini kwa miaka mingi, na ninalotaka kukusihi kabla ya jingine lolote ni kwamba usiwachemshe. Kumchemsha kuku kwanza ni desturi yenye sababu njema, kwa kuwa tembe au jogoo wa kienyeji aliyetembea uani mwaka mzima ana misuli migumu ambayo haikubali moto mkavu mpaka ilainishwe na maji. Kuku wako hana ugumu huo. Nyama yake ni laini tangu anapochinjwa, mafuta yake ni machache, na ukimchemsha kisha ukamkaanga utakuwa umemuivisha mara mbili, matokeo yake kidari kitakuwa kikavu na kitachambuka nyuzinyuzi.

Huko Marekani kuku wa namna hii huuzwa wakiwa wazima, mmoja kwa mlaji mmoja, na masharti yao ni kwamba awe na umri wa chini ya wiki tano na uzito wa chini ya gramu 900 hivi baada ya kuchinjwa. Wengi huwafikiria kuwa ndege wa porini, ingawa ni kuku wa kufugwa tu waliochinjwa mapema. Kwa hiyo huyo wa jirani yako ndiye huyo huyo, na huna haja ya kutafuta wa kwenye friza.

Usiku wa kuamkia shughuli, au angalau saa mbili kabla ya kupika, waloweke katika maji ya baridi yenye chumvi, kiasi cha gramu 50 kwa kila lita moja, yaani vijiko vitatu vya mezani visivyorundikwa. Ikiwa watalala usiku kucha, punguza chumvi iwe nusu na uwahifadhi kwenye friji. Chumvi hiyo huingia ndani ya nyama na kuisaidia kubaki na maji yake juu ya moto. Baada ya hapo wakaushe vizuri kwa kitambaa safi, kwa sababu ngozi yenye unyevu haibabuki, bali hutokota.

Sasa chukua mkasi madhubuti wa jikoni. Mlaze kuku kifudifudi, kata upande mmoja wa uti wa mgongo kuanzia mkiani hadi shingoni, kisha kata upande wa pili na uutoe uti mzima. Mgeuze, weka kiganja katikati ya kidari na ubonyeze kwa uzito wa mwili mpaka usikie mfupa ukilia. Atalala bapa juu ya wavu, na mapaja, ambayo kwa kawaida huchelewa kuiva, yatapata moto sawa na kidari. Mpake mafuta kidogo, kitunguu saumu kilichotwangwa, pilipili manga na bizari, na vingine uvisukume kwa kidole chini ya ngozi. Ndimu iwe ya mwisho, nusu saa tu kabla ya moto, kwa kuwa ikikaa muda mrefu huipausha nyama ya juu na kuifanya iwe ya chengachenga.

Makaa yasambazwe upande mmoja wa jiko, na upande wa pili uachwe na makaa machache. Anza kwa kumlaza upande wa moto mdogo, mifupa ikiwa chini, umfunike kwa sufuria iliyogeuzwa, kwa muda wa dakika 25 hivi. Kisha mhamishie kwenye moto mkali, ngozi ikiwa chini, dakika tano hadi nane, ukimwangalia bila kuondoka, kwa maana mafuta yanayodondoka huwasha ndimi za moto.

Ukitaka abaki mzima bila kupasuliwa, mwoke kwenye sufuria nzito kama unavyooka mkate wa kumimina: tandika mchanga safi mkavu au kokoto ndogo chini, weka kisahani cha bati juu yake, kuku akae hapo, kisha funika na upalie makaa juu ya mfuniko kwa wingi kuliko yaliyo chini. Kwa uzito uliotaja, dakika 45 hadi saa moja zinatosha. Njia hii hutoa ngozi nzuri ya dhahabu, ila jiko moja halitapokea zaidi ya kuku wawili, nawe una wanane. Ningekushauri uchome.

Jikoni Mikindani:

Mwanangu, mwenzangu wa Lindi amesema vema kuhusu moto, lakini wakwe wa Kusini wasipoona nazi mezani watakula huku wakitazamana. Mimi ningewapikia kuku wa kupaka, na hawa wadogo ndio wanaolifaa pishi hilo kuliko wakubwa, kwa kuwa rojo linawafunika kote na kuzuia wasikauke.

Mpasue mgongoni kama ulivyoelekezwa na umchome mpaka aive robo tatu. Wakati huo, kuna nazi mbili kwa kila kuku wanne, ukamue tui la kwanza na kuliweka kando, kisha tui la pili, lile jepesi, ulibandike jikoni pamoja na kitunguu maji kilichosagwa, tangawizi, kitunguu saumu, bizari ya manjano, pilipili mbichi na nyanya moja au mbili tu. Lichemke mpaka litoe harufu ya kuiva na lipungue. Ndipo umimine tui zito, ukoroge kuelekea upande mmoja bila kuacha, na moto uwe mdogo, maana tui zito likichemka kwa nguvu hukatika. Malizia kwa maji ya ukwaju. Rojo linatakiwa ligande nyuma ya mwiko, na ukipitisha kidole libaki na mstari.

Sasa mchovye kuku ndani ya rojo, mrudishe kwenye wavu, na kila upande unapoanza kubabuka umpake tena, mara tatu au nne, hadi awe na ganda jekundu lililobabuka pembeni. Rojo linalobaki mimina juu yake sahanini. Hapa kwetu tungekula na wali wa nazi, lakini kwa kuwa kuku tayari ana nazi, muhogo wa kuchemsha humpendeza zaidi, na kama ni msimu wa ming'oko, vile viazi vya porini vya huku kwetu, basi usiwaze kingine. Pembeni uweke embe bichi lililochapwa pilipili na chumvi.

Kukaanga pia kunawezekana: mkate vipande viwili, mpake viungo, mpitishe kwenye unga wa muhogo na umtumbukize katika mafuta ya moto wa wastani kwa dakika 12 hadi 15. Ni kitamu, ila kwa watu wanane utatoka jikoni ukinuka mafuta na wageni wameshakaa.

Mama wa Chikongola:

Ninawaheshimu wote waliotangulia, lakini mimi siwezi kumpeleka mezani kuku wa kisasa ambaye hakuchemshwa. Kuku hawa huwa na damu kwenye maungio ya paja hata kama nje amebabuka, na tumesikia mara nyingi kuhusu watu kuharisha kwa kula kuku aliyeiva nusu. Kuchemsha kunanipa uhakika. Ukavu utafunikwa na mchuzi.

Mpishi mstaafu, Lindi:

Mama, hofu yako ni ya haki, na kuku asiyeiva ni hatari kweli. Hata hivyo, vijidudu huuawa na joto, wala haijalishi kama joto hilo limepitia majini au kwenye makaa. Kinachotakiwa ni sehemu ya ndani kabisa ya paja ifikie nyuzi joto 74. Kwa mwenye kipimajoto cha nyama, akichomeke kwenye paja nene bila kugusa mfupa. Asiye nacho achome kisu kwenye ungio la paja na kiuno: majimaji yakitoka meupe na mguu ukizunguka kwa urahisi ukiushika, ameiva, yakiwa ya waridi, arudi jikoni dakika tano nyingine. Wekundu unaoonekana kando ya mfupa wa kuku mchanga aghalabu hutokana na uboho, kwa kuwa mifupa yake bado haijakomaa, na unaweza kubaki hata akiwa ameiva sawasawa. Ndiyo maana mimi hupima joto, rangi siitegemei.

Jambo linaloleta madhara majikoni mwetu mara nyingi zaidi ni kibao kilichokatiwa kuku mbichi kisha kikakatiwa kachumbari. Hapo hata kuchemsha hakukuokoi.

Mfugaji wa Masasi:

Nitajibu kuhusu kware, kwa kuwa naona limepitwa. Ndugu, usiwaweke kwenye wavu mmoja na kuku kwa muda mmoja. Kware akishaandaliwa hubaki na gramu mia moja na kitu tu, na nyama yake haina mafuta ya kuilinda. Makaa makali, dakika 10 hadi 12 jumla, amekwisha. Ukimwacha hadi kuku aive, utatafuna kuni. Kwa mtu mzima hesabu wawili, au mpe mmoja kama kitangulizi wakati kuku wanamalizikia. Mimi huwapaka ufuta uliokaangwa bila mafuta na kutwangwa pamoja na chumvi, pilipili kavu na maji ya ndimu kidogo, kwa sababu ufuta wa Kusini tunao kwa magunia lakini wengi wetu tunauuza wote bila kuonja.

Na ukimpata kanga wa kufugwa, elewa kwamba ni habari nyingine kabisa. Yule anafika kilo moja na zaidi, na akiwa amekomaa, ushauri wa mama wa Chikongola ndio unaomfaa: mkate vipande, mkaange kidogo na vitunguu, kisha mtokose taratibu kwa saa moja na nusu hadi mbili. Anapokaribia kuiva, chukua korosho mbichi zilizobanguliwa, zile za vipande ambazo bei yake ni nafuu, uziloweke kwenye maji ya moto, uzisage ziwe laini na uzimimine. Kuanzia hapo usiache mwiko, kwa kuwa korosho hushika chini ya sufuria upesi na harufu ya kuungua hupanda kwenye mchuzi wote. Dakika 15 zinatosha. Kanga wa porini na kware wa porini waache huko huko, kwani kuwinda bila kibali ni kosa la kisheria.

Mwenyeji wa Ligula:

Ninawashukuru sana, na shikamoo kwa wakubwa. Nimeamua kufanya kuku wa kupaka, na kware wawe kitangulizi. Limebaki moja: nitawezaje kuwatoa kuku wanane kwa pamoja wakiwa moto, na wavu wangu unapokea watatu tu?

Jikoni Mikindani:

Azima wavu wa pili na jiko la jirani, mwanangu, hakuna anayekataa siku ya ugeni. Kisha gawa kazi. Rojo lipike mapema, hata asubuhi, na ulipashe kwa moto mdogo. Kuku wote uwachome kwa awamu bila rojo hadi waive kabisa, siyo robo tatu tena, na kila awamu ikitoka iweke kwenye sufuria kubwa iliyofunikwa, ikae juu ya jiko lenye majivu ya moto ili isipoe. Awamu tatu kwa wavu mmoja, mbili ukiwa na nyavu mbili. Wageni wakishanawa mikono na kware wakiwa mezani, anza kuwapaka na kuwarudisha kwenye makaa makali, dakika mbili mbili kila upande. Usimwache kuku nusu mbichi akakaa akisubiri, hilo ndilo la kuogopa.

Na zile migongo ulizokata kwa mkasi usiwape paka. Zichemshe pamoja na kitunguu na chumvi kidogo tangu asubuhi, na supu yake uipeleke kwa wazee kwenye vikombe kabla ya chakula, na firigisi zote ziwemo humo, kila kikombe na yake.