Nimepewa niongee juu ya malkia wa zamani, nichague nani?

Binti Langoni:
Asalaam aleikum. Kina mama wa chama chetu hapa Lamu wamenipa dakika kumi niongee shida walizopata wanawake waliotawala zamani, nimekusanya majina mpaka najichanganya, Mwana Khadija wa Pate hapo jirani, Razia wa Delhi, Elizabeth wa Uingereza. Na kuna mzee wa barazani ashanitupia eti hao walikuwa pambo tu. Nimjibu vipi?

Mkomani Mkongwe:
Waleikum salaam mwanangu. Punguza majina, watakusinzilia. Shika ndoa tu. Malkia akiolewa mume ataka kiti, asipoolewa mrithi atoke wapi? Elizabeth alitawala 1558 hadi 1603 bila mume, alipokufa kiti kikaenda kwa mfalme wa Scotland.

Msomaji Malindi:
Hapo kwa ndoa mzee kamaliza. Ila dadangu usimwache Shajar al-Durr wa Misri. Mumewe sultani alikufa 1249 katikati ya vita na Wafaransa, bibi akaficha kifo ili jeshi lisivunjike moyo, mwaka uliofuata akapewa kiti, khalifa wa Baghdad akamkataa kisa mwanamke. Ikabidi aolewe na Aybak amwachie usultani, lakini nguvu hakuachia, na jamaa alipotaka kuongeza mke akauawa hamamuni, 1257. Yeye naye wanasimulia alipigwa mitalawanda, vile viatu vya mbao, mpaka akafa. Sasa pambo gani hilo jamani 😂

Mvuvi wa Shela:
Misri mbali, kisiwa cha Mwali hapo Komoro je? Jumbe Fatima alirithi kiti 1842 bado mtoto mdogo, Wafaransa wakamletea mwalimu wao wa kike amlee, halafu akaozwa mtu wa ukoo wa sultani wa Zanzibar. Yani kila mtu anamtaka yule mtoto kwa sababu ya kisiwa. Mume akaja kufukuzwa, 1865 Mfaransa Lambert akapata mkataba wa ardhi, 1867 Fatima akaachia kiti, ingawa alikirudia baadaye.

Mkomani Mkongwe:
Huyo wa Mwali ndiye, mwanangu. Wale wa mbali mgusie mmoja.

Binti Langoni:
Shukran sana wazee wangu. Naanza na mitalawanda, dakika zilizobaki zote Mwali, Razia na Elizabeth wataningoja siku nyingine. Yule mzee nishamwalika, ukumbini haingii maana ni kina mama watupu, lakini spika zetu zinasikika mpaka barazani kwake.