Miwani ya maji baharini: nivae au nizoee chumvi?

Mwalimu wa Mtoni aliuliza:

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa skuli, nakaa Mtoni, Unguja. Tuna kikundi cha wanawake tunaingia baharini baada ya sala ya alfajiri, tunafuata pwani kuelekea mjini kisha tunarudi. Mwanzo tulikuwa tunaogelea kichwa juu, kwa hiyo habari ya macho haikuwepo. Sasa tunajifunza kuogelea uso ukiwa ndani ya maji, na hapo ndipo mabishano yalipoanza. Nusu yetu wanasema lazima miwani ya kuogelea. Nusu wanasema miwani ni ya kwenye bwawa la hoteli, baharini mtu azoee chumvi tu. Mjomba wangu, mtu wa Pemba, anasema aliyekulia pwani hana haja nayo.

Mimi macho yangu hayaoni mbali, darasani navaa miwani ya -3. Sitaki kununua kitu kwa kuwa nimewaona watalii wamekivaa, nataka kujua kitanifaa nini. Na ikiingia ukungu nikiwa katikati ya maji nifanye nini? Hilo ndilo linalonitisha.

Baba wa Wete:

Waalaykumu salaam mwalimu. Mjomba wako hajakosea. Sisi tumekulia majini na hatukuijua hiyo miwani. Siku za mwanzo macho yanawasha, baadae unasahau. Khofu yangu ni kwamba aliyezoea miwani ikimtoka hutaharuki, na kutaharuki ndiko kunakozamisha watu. Ingia hivyo hivyo.

Mzamiaji Nungwi:

Mzee wangu wa Wete, shikamoo. Hilo la kutaharuki umesema kweli tupu, nitalirudia. Lakini kwa heshima yako nitapingana nawe katika jengine, maana mwalimu hakuulizia kukoga, anauliza kuogelea masafa.

Mimi nimezamia pweza na kamba huku Nungwi tangu ujana, na siku hizi nafundisha watoto wa kijijini kuogelea. Mwalimu, vaa. Jicho limeumbwa lipokee mwanga unaotoka hewani, na kioo chake cha mbele ndicho kinachoupinda mwanga huo hadi tukaona sawasawa. Maji yakigusa jicho, nguvu ile ya kupinda karibu yote inapotea, ndiyo maana kila kitu kinakuwa ukungu hata kwa mwenye macho mazima. Miwani inachofanya ni kurudisha hewa kidogo mbele ya jicho, basi. Na wewe unahitaji kuona: kamba ya nanga, nyavu, yavuyavu, miguu ya mwenzio aliye mbele. Asiyeona hufumba macho, na anayeogelea amefumba macho hapiti njia iliyonyooka. Atadhani anafuata pwani kumbe anaelekea kisiwa cha Bawe.

Chumvi haipofushi mtu. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, machozi yetu yana kama 9, na tofauti hiyo ndiyo inayowasha. Kwa mbizi mbili tatu si kitu. Lakini uso ukae majini nusu saa, kisha uende ukasahihishe madaftari? Utateseka bure. Zaidi ya chumvi, angalia maji yenyewe. Mvua za masika zikipiga, mitaro inamwaga baharini, na nyie mnaelekea upande wa mjini. Siku hiyo na inayofuata msiingie kabisa, hata mkiwa na miwani.

Sasa naomba unisikilize vizuri. Miwani ya kuogelea ni ya juu ya maji tu. Usizame nayo. Ukishuka, maji yanakubana zaidi na zaidi, ukifika mita 10 mbano umekuwa maradufu ya ule wa juu. Hewa iliyomo ndani ya ile miwani midogo huna njia ya kuiongeza, kwa hiyo inavuta jicho kama chuku inavyovuta ngozi. Nimewaona vijana wakitoka majini weupe wa macho umegeuka damu, na hawakushuka mbali. Sisi wazamiaji tunavaa maski inayofunika na pua, tunashuka huku tunapuliza kidogo kwa pua, hewa inaingia na mvuto unaondoka. Kwa hiyo ukiona kombe zuri chini, liache, au kavae maski.

Namba yako ya -3 si tatizo. Iko miwani ya kuogelea yenye namba, inapanda kwa nusu nusu. Haitakuwa sawa kabisa na ile ya darasani lakini boti utaiona, na ufuo utaujua. Usije ukaingia na lenzi za kubandika machoni. Kwenye maji kuna vijidudu aina ya amiba vinavyoweza kujificha nyuma ya lenzi vikala kioo cha jicho, na ugonjwa huo ni mgumu kutibika.

Rangi: alfajiri chukua nyeupe isiyo na kiza. Pwani yenu imeelekea magharibi, jua linatoka nyuma ya nchi kavu. Mkielekea mjini liko kushoto kwenu, mkirudi liko kulia, na bado ni laini. Kioo cheusi ni cha jioni, jua likiwa limelala upande wa bahari na maji yote yanameremeta.

Ukungu unakuja kwa sababu uso una joto na kioo kimepozwa na maji. Tema mate ndani, yaeneze, suuza mara moja kwa maji ya bahari hapo hapo, vaa. Wengine hutumia tone la sabuni ya mtoto, nayo inafaa ikisuuzwa vizuri. Usisugue ndani kwa kidole wala kwa kanga, utaikwangua ile dawa iliyopakwa kiwandani. Ikikushika katikati, geuka chali, piga miguu taratibu, inua kioo kimoja, ingiza maji kidogo, yamwage, rudisha. Fanya zoezi hilo maji yakiwa ya kifuani mpaka mikono ifanye yenyewe.

Na kwa kuwa mnaogelea mmejistiri: vaa miwani kwanza, kofia au ushungi wa kuogelea uje juu ya mkanda. Wimbi likikupiga usoni, miwani itachomoka machoni lakini haitakwenda.

Narudi kwa mzee na lile lake la kutaharuki. Meli ya Spice Islander ilizama usiku wa tarehe 10 Septemba 2011 ikienda Pemba, na huku kwetu Nungwi hilo halijasahaulika. Anayetumbukia hivyo hana miwani, ndiyo maana simfundishi mtoto kwa miwani peke yake. Kila tunapokutana kuna kipande cha kuogelea macho matupu, na kuna kulala chali juu ya maji na nguo za kawaida. Nyie pia fanyeni hivyo.

Kijana wa Chake:

Naongeza kidogo kuhusu alilosema Baba wa Wete. Mwaka 2003 mtafiti wa Sweden, Anna Gislén, na wenzake walichapisha utafiti juu ya watoto wa Wamoken, watu wa bahari ya Andaman upande wa Thailand. Watoto wale waliona chini ya maji mara mbili ya watoto wa Ulaya, bila miwani, kwa kuikaza mboni ya jicho iwe ndogo sana. Baadae ikaonekana na watoto wa Ulaya wakizoezwa wanaweza. Kwa hiyo wazee wetu hawasemi tu, mazoea yapo.

Mzamiaji Nungwi:

Ahsante mdogo wangu, nimefurahi kulijua hilo. Ila wale watoto wanaokota vitu chini, karibu na mkono. Mwalimu ni mtu mzima na anataka kuona mbele.

Mwalimu wa Mtoni:

Mwenyezi Mungu awalipe nyote. Baba wa Wete, lile zoezi la macho matupu tutalifanya, nakuahidi. Mawili ya mwisho: mwenzetu ana miwani moja anapokezana na binti yake, ni sawa? Na kwa nini nisinunue maski moja kwa moja?

Mzamiaji Nungwi:

Kupokezana hapana, hata mama na mwanawe. Mnakumbuka Januari 2024 macho mekundu yalivyoenea Dar es Salaam? Maradhi yale yanakwenda kwa machozi na mikono, na miwani inashika vyote viwili. Kila mtu na yake, isuuzwe kwa maji baridi ya bomba, ikaushwe kivulini.

Maski inaziba pua, na wewe unahitaji kutoa pumzi majini kwa pua na mdomo. Tena ni kubwa, inakokota maji. Iache ya pweza.

Ukifika dukani usianze na mkanda. Ibandike machoni bila mkanda, ibonyeze kidogo, uachie. Ikishika kidogo bila kuanguka, ni ya uso wako. Ikidondoka papo hapo, jaribu nyengine, na usikubali kuambiwa ukaze mkanda ndiyo itashika. Mkanda ukikazwa sana ndio unaoleta maumivu ya kichwa, na maji yataingia vile vile.

Baba wa Wete:

Nimesoma yote. Mwalimu, nunua. Na mwambie mjomba wako nimemsalimu.