HAKUONJA! Kanimwagia sosi yangu sinkini bila hata kuchovya kijiko

Fundi Viini (mwanzisha uzi):
Wakuu, naandika hapa mikono inanuka siagi na aproni sijavua. Simtaji mtu. Hakuna haja, mnamjua wote: yule mwalimu wetu wa mapishi mwenye kofia ndefu inayokwangua dari, akiingia jikoni watu wanaacha kupumua na friji linaacha kunguruma. Leo kachukua sosi yangu kaimwaga sinkini. Mbele ya darasa zima. BILA KUIONJA.

Tulikuwa kwenye somo la vitendo, sosi mama, yaani zile za msingi, zamu ya holandezi, ile ya viini na siagi. Aliyewahi kuipika anajua ile adhabu. Unachapa viini juu ya mvuke mpaka bega linataka kukuhama, bakuli lisiguse maji, maana kiini kikikaribia nyuzi 70 kinaganda na hapo huna sosi tena, una mayai ya kuvuruga. Siagi unaianza tone kwa tone, ukiwa na haraka inakatika, mafuta huku, viini kule. Sasa yangu HAIKUKATIKA. Ilikuwa inang'aa! Inashika mgongo wa kijiko, ukipitisha kidole njia inabaki pale pale. Meza ya jirani waliacha kazi zao wakaja kuangalia. Nimetia limau, nimetia chumvi, nimeonja, nimeongeza limau kidogo, nimeonja tena, roho kwatu.

Anakuja. Anatupia bakuli jicho moja, tena la pembeni. "Hii ni gundi." Analinyanyua, anakwenda nalo sinkini, anamwaga. Niliisikia ikishuka kwenye bomba, glu, glu, glu. Hakuchukua kijiko, wakuu. Vijiko vilikuwa mbele ya tumbo lake, vimejaa kikombe, visafi, nimevipanga mwenyewe. Hakuonja!

Na ni huyu huyu ambaye tangu muhula uanze hana wimbo mwingine. Onja mwanzo, onja katikati, onja kabla ya kupakua, mpishi asiyeonja anapiga ramli. Katukata maksi kwa kukutwa bila kijiko cha kuonjea mfukoni. Cha kwake leo kilikuwa wapi? Halafu kutwa mdomoni Escoffier, Escoffier, yule mpishi maarufu Mfaransa wa zamani. Huyo Escoffier alipanga wapishi wake kwa vikosi, kila mmoja na kituo chake, na matusi na makelele aliyapiga marufuku jikoni kwake. Hilo la marufuku mbona halifundishwi? Kachukua kofia tu.

Nimebaki nimesimama, kipigio hewani, viini vinanidondokea kiatuni. Sifuri. Hakuonja, jamani.

Kitunguu Maji:
Pole sana mkuu. Mimi alinipimia karoti kwa rula. Vijiti vya milimita 3 nimekata mpaka macho yanaona mbili mbili, akachomoa kimoja katikati ya lundo, akasema hiki ni 4. Trei nzima ikapelekwa kwenye supu. Ila yako imezidi, yangu angalau ililiwa.

Mzee wa Sufuria:
Mdogo wangu, gundi ni gundi. Leta picha.

Fundi Viini:
Picha naitoa wapi mzee wangu? Simu haziruhusiwi jikoni na sosi iko kwenye bomba! Hakuonja. Hata kuinusa hakuinusa.

Kisu Butu:
Uzi wote huu kwa ajili ya viini vya mayai. Siku akikumwagia supu ya mifupa uliyoichemsha kutwa nzima utaandamana?
Na ngoja nikuambie, huko hotelini oda zimesimama foleni, hakuna wa kukubembeleza. Zoea.

Fundi Viini:
Kisu Butu, hukohuko hotelini shefu anasimama kwenye meza ya kutolea chakula akiwa na KIJIKO MKONONI. Ndiyo kazi yake, kuonja kabla sahani haijatoka. Sasa huyu wetu kajifunzia hoteli gani ya kuonja kwa macho?

Bi Mvuke:
Muacheni mtoto wa watu aseme. Tena hata ingekuwa imekatika kweli, holandezi inafufuka. Unachukua kiini kipya, kijiko cha maji ya vuguvugu, unachapa, halafu ile iliyoharibika unaitia kidogo kidogo mpaka inashikana. Ikiwa nzito mno, unaongeza maji ya vuguvugu matone machache, basi, gundi imekwisha. Darasa zima lingejifunza pale pale. Anayemwaga hajafundisha kitu, kaosha bakuli tu.

Fundi Viini:
Ubarikiwe dada. Matone machache ya maji! Bomba la maji lilikuwa juu ya sinki hilo hilo alilomwagia. Nikifumba macho nasikia glu, glu, glu.

Shuka Nyeupe:
Nyie wa jikoni mnapenda sana kulia. Njooni kwetu utunzaji wa vyumba. Kitanda nimetandika, kona zimekaa nyuzi 45, shuka imevutwa ukiitupia sarafu inaruka. Kaja mwalimu wetu kang'oa vyote hadi godoro, eti kuna mkunjo upande wa miguuni. Mkunjo ambao mende angeukosa. Rudia. Nikarudia. Rudia tena.

Leso ya Pembe Tatu:
Afadhali wewe unalala juu ya makosa yako. Sisi wa huduma ya mezani tunazungushwa ukumbi mzima na trei ya glasi zilizojaa maji, mkono mmoja, tone likidondoka unarudi mlangoni. Ukimaliza hapo kuna uma za kung'arisha kwa mvuke na kitambaa, ndoo kwa ndoo. Naota uma usiku.

Fundi Viini:
Jamani, uzi ni wa sosi. Kitanda chako alikiangalia ndipo akakivuruga, na tone lako lilionekana sakafuni. Sosi haikaguliwi kwa macho! Limau linaonekana? Chumvi inaonekana? Hakuonja, hilo ndilo mnijibu.

Mzee wa Sufuria:
Uzito unaonekana, kijana. Ulimsubiri muda gani? Holandezi haina subira. Ikipoa siagi inakaza, na ukiiacha chini ya nyuzi 60 unafuga bakteria. Labda aliwaokolea wenzako matumbo.

Fundi Viini:
Mzee wangu nakuheshimu, lakini hapana. Bakuli lilikuwa juu ya maji ya moto, nimepima mwenyewe, 60 na ushei. Na kipimajoto kilikuwa mezani, kama alikuwa na shaka angekichovya. Hakupima. Hakunusa. HAKUONJA.

Kitunguu Maji:
Kwa kuwa mmetaja kipimajoto: nani alikichomeka kwenye kuku mbichi jana akakirudisha kabatini bila kukifuta? Na ubao mwekundu, ambao ni wa nyama mbichi, nimeukuta una majani ya saladi. Mnataka tufungiwe jiko?

Kisu Butu:
Saladi si mimi. Hao ni kundi la asubuhi.

Bi Mvuke:
Kundi la asubuhi msitusingizie! Sisi tunaacha jiko unaweza kulamba sakafu. Ninyi wa mchana ndio mnatumbukiza visu kwenye sinki la maji ya sabuni mnaondoka. Mtu anaingiza mkono kutafuta bakuli, anatoka na vidole vinne. Hilo limefundishwa wiki ya kwanza kabisa: kisu hakiachwi majini, unakiosha, unakifuta, unakirudisha.

Kisu Butu:
Kwanza hicho kisu mlichokikuta majini kina mpini mweusi? Changu kimepotea, nakitafuta kila kabati.

Shuka Nyeupe:
Na taulo zetu za mazoezi je? Mnakuja kuzichukua kushikia sufuria. Tumezikuta nyuma ya jiko la gesi, pembe zimeungua. Ukaguzi ukija tunakatwa maksi sisi, wakati moto hatujauwasha sisi.

Kitunguu Maji:
Vitambaa vikavu viliisha, mlitaka tushike trei ya ovena kwa meno? Kitambaa kilicholowa hakishikiki, joto linapita moja kwa moja hadi mfupani.

Fundi Viini:
Wakuu, turudi kwenye mada. Kijiko kilikuwa mbele yake.

Shuka Nyeupe:
Taulo ni taulo, ina kazi yake. Aliyenazo azirudishe kufuliwa leo leo, sitaki maelezo ya ovena.

Mzee wa Sufuria:
Wakati wetu tulikuwa tunashika kwa ncha ya aproni.

Bi Mvuke:
Ndiyo maana aproni za wakati wenu zilikuwa zinashika moto, mzee.

Kisu Butu:
Naona swali la kisu limerukwa na wote. Mpini mweusi, ncha imevunjika kidogo, nimechora alama chini. Aliyekiona aseme kabla sijaanza kufungua mabegi ya watu.

Leso ya Pembe Tatu:
Kisu chenye ncha iliyovunjika? Kiko kwetu kaunta ya baa ya mazoezi, mtu anakatia limau tangu juzi.

Kisu Butu:
Nani?

Leso ya Pembe Tatu:
Mimi sitaji majina hapa. Ila ni wa kundi la asubuhi.

Kisu Butu:
Bi Mvuke njoo hapa!

Bi Mvuke:
Nimeshakuambia sisi visu tunarudisha. Kaulize kwanza baa mlikifikishaje ninyi wa mchana.

Kisu Butu:
Nakuja baa sasa hivi, asitoke mtu.