Keratokonusi: lenzi ndogo ngumu au lenzi kubwa za sklera?

DadaWaMoro ameuliza:

Salamu wana jamvi. Mdogo wangu wa kiume ana umri wa miaka 22 na anasoma chuo Dodoma. Tangu alipokuwa sekondari amekuwa akibadilishiwa miwani, na kila mpya humfaa kwa muda mfupi tu. Usiku, taa moja ya gari huiona kama taa tatu zilizopandana. Hivi karibuni alipimwa akaambiwa kwamba ana keratokonusi, yaani konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, imekonda na kuchomoza mfano wa pia. Lenzi laini za kawaida hazikumsaidia. Sasa ametajiwa aina mbili, ndogo ngumu na kubwa za sklera (yaani weupe wa jicho), na hizi kubwa bei yake ni mara kadhaa ya zile ndogo. Je, tofauti hiyo ya bei inalingana na manufaa, na tuulize nini kabla ya kulipa?

MpimaMacho amejibu:

Dada, swali la kwanza si la lenzi. Ulizeni kama ugonjwa umesimama au bado unaendelea, kwa sababu keratokonusi huanza aghalabu katika ujana na huweza kuendelea hadi miaka ya thelathini na kitu. Jibu hupatikana kwa kupiga ramani ya konea kwa mashine ya topografia na kuirudia baada ya miezi kadhaa. Ikiwa konea bado inabadilika, daktari bingwa wa macho aamue kuhusu matibabu ya kuikaza kwa matone ya riboflavini na mwanga wa urujuanimno, ambayo yalianzia Dresden, Ujerumani, na yameidhinishwa Marekani tangu 2016. Matibabu hayo huzuia ugonjwa usisonge mbele. Hayarudishi uoni uliopotea, na lenzi nazo hazizuii ugonjwa. Vyote viwili huenda vikahitajika. Na kama kijana ana aleji na hujisugua macho, aleji itibiwe na kusugua kukome, maana kusugua huiumiza zaidi konea iliyokwisha kukonda.

Lenzi laini imeshindwa kwa sababu hujilaza juu ya konea na kufuata umbo lake, mabonde na vilima vyote. Lenzi ngumu inayopitisha hewa hubaki na umbo lake, machozi yakajaza nafasi iliyo chini yake, na mwanga ukakutana na uso laini badala ya ule uliopinda ovyo. Lenzi ndogo za aina hiyo zina kipenyo cha takribani milimita 9 hadi 10 na hukaa juu ya konea yenyewe. Za sklera huanzia kama milimita 15, hupita juu ya konea bila kuigusa na kuegemea kwenye weupe wa jicho, baada ya kujazwa maji maalumu ya chumvi.

Kwa keratokonusi ya wastani mimi huanza na zile ndogo, kwani ni nafuu, ni rahisi kuvaa na kuvua, na wengi huona vizuri nazo. Kilele cha konea kikiwa kimechongoka sana au kimeshuka chini, lenzi ndogo huyumba, hudondoka, au hukwaruza kilele hadi kuacha kovu. Hapo ndipo sklera inapostahili gharama yake.

Mvaaji_Nairobi amejibu:

Namheshimu daktari hapo juu, lakini hakugusia jambo la vumbi, na kijana yuko Dodoma. Nimevaa aina zote mbili. Chembe moja ya vumbi ikiingia chini ya lenzi ndogo, hutaweza kuendelea na somo wala kuvuka barabara mpaka uivue. Ya sklera imeziba pande zote, hivyo upepo haunisumbui tena. Udhia wake ni mwingine: maji yaliyo chini yake huweza kuwa na ukungu mchana, ikabidi kuivua, kuiosha na kuijaza upya, tena kuivua kunahitaji kifaa kidogo cha mpira cha kunyonya, ambacho lazima utembee nacho.

Kabla ya kulipa, kaeni na lenzi ya majaribio kwa saa kadhaa, ndipo ipimwe tena. Lenzi ya sklera huzama kidogo kadiri inavyokaa, na ile iliyoonekana sawa baada ya dakika tano huweza kuwa inagusa konea jioni. Ulizeni pia kama bei inajumuisha marekebisho, kwa sababu ni nadra lenzi ya kwanza kuwa ndiyo ya mwisho. Kwangu mimi, mpimaji aliye karibu na aliye tayari kurekebisha ana thamani kuliko jina la kiwanda.

DadaWaMoro:

Nawashukuru. Akichagua ya sklera, je, anaweza kuijaza maji ya kunywa yaliyochemshwa, au maji ya dripu yanayouzwa kwenye maduka ya dawa?

MpimaMacho:

Maji ya kunywa, ya bomba au ya chupa, hata yakichemshwa, yasiguse lenzi wala kikasha chake. Katika maji huishi kimelea kiitwacho akantameba, ambacho huweza kuila konea kwa maumivu makali na ni kigumu sana kutibu. Maji ya dripu hayana kihifadhi, na hilo ni jema, lakini chupa kubwa ikishafunguliwa si safi tena kwa matumizi ya siku zinazofuata. Atafute vichupa vidogo vya kutumika mara moja, visivyo na kihifadhi, na ahakikishe vinapatikana Dodoma mwaka mzima kabla ya kuagiza lenzi. Visipopatikana kwa uhakika, ningemshauri abaki na lenzi ndogo pamoja na miwani ya kukinga vumbi. Kwa vyovyote asilale nazo, na jicho likiwa jekundu na kuuma, aivue na aende hospitali siku hiyo hiyo akiwa na lenzi mkononi.