Acheni kutuhubiria "kabila moja, nchi moja" kana kwamba Somalia hamuijui!

Wakuu, nimevumilia sana. Kila ukizuka mjadala wa mipaka ya Afrika anatokea mjuzi mmoja na hukumu yake: nchi zetu si taifa-dola halisi (yaani dola ambayo watu wake wote ni taifa moja), wakoloni walijichorea tu, basi tugawane upya, kila kabila na dola yake, amani itajileta. Na mnampigia makofi!

Haya, Somalia. Lugha moja, dini moja, na karibu wote wanadai asili moja. Taifa-dola la vitabuni hasa. Bendera yao ina nyota ya ncha tano, kila ncha ni eneo moja la Wasomali. Mwaka 1960 ncha mbili, ya Mwingereza na ya Mwitaliano, zikaungana. Tatu zilizobaki zilikuwa mikononi mwa wengine: Djibouti, Ogaden ya Ethiopia na kaskazini mashariki ya Kenya. Ndoto ya kuzikusanya ikazaa vita vya shifta huko Kenya kuanzia 1963, kisha vya Ogaden 1977. Halafu 1991 dola yenyewe ikasambaratika, watu wa lugha moja wakauana kwa koo, Somaliland ikajitangaza kivyake. Sasa mjuzi atuambie, pale walikosa umoja gani?

Rwanda na Burundi je? Falme za kale, kila moja na lugha yake nchi nzima. Mnajua yaliyotokea.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mnaongea kama mnacheza bao, wakati wapo watu mawazo haya yamewala. Waulizeni Wamakonde wa Kwale. Wazee wao walivuka kutoka Msumbiji kuja kufanya vibarua kwenye mashamba ya mkonge na miwa enzi za Mwingereza. Watoto wakazaliwa Kenya, wajukuu wakazaliwa Kenya, kitambulisho hakuna. Bila kitambulisho husajili laini ya simu, hufungui akaunti benki, hupigi kura. Oktoba 2016 wakafunga safari kwa miguu kwenda Ikulu Nairobi kudai haki yao. Vitambulisho vikaanza kutoka 2017, lakini tazama walivyopewa: walitambuliwa kama kabila la 43! Yaani kuzaliwa pale hakukutosha, ilibidi kwanza wawe kabila lenye namba.

Na wewe unayetaka kugawa upya, anza na Kariakoo. Utampa nani?

Wasimamizi, tafadhali msiunganishe uzi huu na ule wa mipaka ya wakoloni.