Tupeane uzoefu: mpira ukigonga mkono wa mtu aliye kwenye ukuta, refa aamueje?

Kipyenga_Mikanjuni (mwanzisha uzi)
Habari zenu wakuu. Nachezesha mechi za mitaani hapa Tanga: Mikanjuni, Makorora, Duga, mara nyingine hadi Muheza. Ugomvi mkubwa ninaoukuta hautokani na rafu. Unatokana na mkono na ukuta (wale mabeki wanaojipanga mstari kuziba faulo), na hayo mawili yakikutana kwenye tukio moja, mashabiki wanaingia mpaka katikati ya uwanja.

Msimamo wangu nausema mapema. Mpira kugusa mkono peke yake si kosa. Refa anatazama ule mkono ulikuwa unafanya nini. Mchezaji kaupeleka kwenye mpira kwa makusudi? Kautanua mpaka mwili ukawa mkubwa kuliko mwendo wake ulivyohitaji? Kama hakuna hata kimoja, mchezo uendelee, hata uwanja mzima upige kelele "kanawaaa!" Na mkono unahesabiwa kuanzia usawa wa chini ya kwapa. Juu ya hapo ni bega.

Nusu fainali moja ya mtaa nilitoa faulo hatua chache nje ya kumi na nane. Ukuta ukajipanga ndani ya boksi. Shuti likampiga mtu wa pili mikononi, nayo mikono ilikuwa imebana mbele ya kinena, beki anajikinga. Nikaachia. Kipindi cha pili, karibu palepale, mwingine akaruka kiwiko kiko juu ya sikio, mpira ukagonga mkono. Nikaweka penalti. Nahodha akanijia: "Mbona ile ya kwanza uliiacha?" Nikamwambia ile mikono ya kwanza haikuzuia chochote ambacho mwili usingekizuia. Huyu wa pili alikuwa ameongeza ukuta kwa mkono wake.

Wachezaji, makocha, marefa, leteni yenu.

Beki_Chumbageni
Mgosi umegusa penyewe. Kocha wetu anatufundisha kushikana mikono tukiwa ukutani, au kila mtu afunge yake mbele. Tangu tuanze hivyo hatujaadhibiwa kwa penalti ya ukutani. Taabu yetu ni viwanja vya mchanga: unateleza, mkono unatangulia chini, mpira unaupitia, wanapiga kelele. Hiyo inakuwaje?

Kipyenga_Mikanjuni
Mkono unaokushikilia usianguke, ukiwa chini yako, ni wa kawaida kwa mtu anayeanguka, mimi naachia. Ukiutandaza pembeni kuziba njia ya mpira, hapo nitapuliza.

Dada_wa_Sahare
Nacheza timu ya wanawake. Tukipanga ukuta tunakunja mikono kifuani, maana shuti la karibu linaumiza. Refa mmoja alitupigia mkono mara mbili katika mechi moja, na mikono yote ilikuwa imebana kifuani. Nililia siku ile, si kwa kufungwa, ila kwa kuwa tulikuwa tumejipanga vizuri kabisa. Naomba marefa wanaosoma hapa walizingatie hili.

Kipyenga_Mikanjuni
Pole sana dada. Mkono uliobana kifuani haujaongeza mwili. Kosa lingekuwepo kama mngeusukuma mpira kwa ile mikono.

Mzee_Ngamiani
Vijana, mnasahau kwamba ukuta nao una sheria zake. Kombe la Dunia la 1974, Zaire na Brazil. Wabrazil wamepewa faulo, ukuta umekaa, Mwepu Ilunga akachomoka na kuubutua mpira mbali kabla haujapigwa. Akaonyeshwa kadi ya njano. Dunia ilimcheka miaka mingi kwamba Mwafrika hajui sheria, na mwenyewe baadaye alieleza kuwa alikuwa anazijua. Liliniuma sana lile. Mpaka leo hukumu ni ileile: ukitoka ukutani kuukaribia mpira kabla haujapigwa, kadi ni halali yako.

Namba9_Usagara
Shikamoo mzee wetu. Sisi washambuliaji nasi tulikuwa tunajichomeka katikati ya ukuta, tunasukumana na mabeki ili tufungue tundu. Tangu 2019 imekatazwa: ukuta ukiwa na watu watatu au zaidi, mshambuliaji akae mita 1 mbali nao mpaka mpira upigwe. Bao letu zuri sana lilikataliwa kwa hilo, wenzetu wakapewa faulo isiyo ya moja kwa moja, ile ambayo huwezi kufunga mpaka mpira umguse mchezaji mwingine. Nusu ya timu haikuwa imewahi kuisikia sheria hiyo. Marefa wangeitaja kabla ya mechi, wangetusaidia.

Kocha_Pangani
Mimi nina kinyongo cha siku nyingi. Kipa wangu yuko kwenye nguzo anapanga ukuta, jamaa wakapiga haraka, bao. Refa akalikubali! Ukuta haujakaa mita 9.15 kutoka kwenye mpira, filimbi haijalia. Hiyo ni haki?

Kipyenga_Mikanjuni
Kocha wangu, najua lilivyokuuma, lakini ile nafasi ya mita 9.15 ni haki ya timu iliyochezewa faulo. Wakitaka kuiacha wapige haraka, wanaruhusiwa, na filimbi haihitajiki. Hata beki wako aliye karibu akiukata mpira ule kwa kuwahi, mchezo unaendelea. Asichoruhusiwa ni kusimama mbele ya mpira makusudi ili wasipige. Hiyo ni njano.

Mambo yanabadilika refa akishaanza kuusogeza ukuta, au akiwaonyesha filimbi kwa kidole. Hapo wakipiga kabla hajapuliza, inarudiwa. Kwa hiyo swali la kujiuliza kuhusu siku ile ni hili: refa alikuwa ameshaanza kupima?

Kocha_Pangani
Hapana, alikuwa bado yuko mbali na mpira. Basi nimekuelewa. Nitamwambia kipa asiupe mpira mgongo, na mmoja wa mbele aukabili mpaka refa afike.

Beki_Chumbageni
Aukabili kwa mbali lakini kocha, la sivyo ni njano.

Swali jingine: hiyo 9.15 mnaipimaje huku kwetu kusikokuwa na dawa ya kupuliza ya kuchorea mstari wa ukuta?

Kipyenga_Mikanjuni
Duara la katikati ya uwanja, kutoka kwenye nukta hadi mstari, ni mita 9.15 hiyohiyo. Kabla ya mechi natembea pale nijue ni hatua zangu ngapi. Kiwanja kisicho na chokaa naenda na kamba niliyoipima nyumbani. Nikishahesabu, nachora mstari kwa kisigino.

Dada_wa_Sahare
Na faulo isiyo ya moja kwa moja ikiwa mita sita tu kutoka golini? Tukirudi hatua zote hizo tutaishia nyuma ya wavu.

Kipyenga_Mikanjuni
Mnasimama juu ya mstari wa goli, katikati ya nguzo mbili. Hapo tu ndipo mnaruhusiwa kuwa karibu kuliko mita 9.15. Timu nzima mnaweza kupanga mstari, kipa akiwemo, mikono imebana. Na msiukimbilie mpira mpaka muuone umepigwa na umesogea.