Grupu la Kihamba cha Mzee

ALHAMISI

Mama Neema, 12:04 asubuhi
Bwana asifiwe ukoo. Shikamooni wakubwa. Nimetoka wodini sasa hivi. Wote wawili wameamka salama. Kaka yuko kitanda cha 5. Baba Joshua wamemleta usiku, kitanda cha 6. Niliomba watenganishwe, nesi kasema wodi ya wanaume imejaa hadi koridoni, kama hawapatani mmoja ageukie ukutani.

Mama Neema, 12:09 asubuhi
Sasa LA HARAKA. Kaka anapasuliwa Jumatatu. Daktari anataka ndugu watatu waje kutoa damu, mwisho Jumamosi saa 4 asubuhi. Umri 18 hadi 65, kilo 50 kwenda juu. Mwanaume aliyetoa ndani ya miezi 3 asije, mwanamke miezi 4. Mle kwanza, msije na njaa. Mimi nimeshajaribu, presha imekataa. Andikeni majina:
1.
2.
3.

Mama Neema, 2:31 asubuhi
Naona mmesoma watu 31.

Frenk wa Himo, 2:40 asubuhi
Shangazi, mimi damu yangu ni mbege tupu. Mgonjwa ataamka anaimba 😂😂

Mama Godi, 2:41 asubuhi
Frenk, ni mume wangu anayepasuliwa.

Frenk wa Himo, 2:41 asubuhi
Nisamehe mama mkubwa. Niandikeni namba 1.

Mama Joisi, 3:15 asubuhi
Poleni jamani 🙏🙏 Anapasuliwa nini?

Mama Neema, 3:16 asubuhi
Tezi dume.

Baba Godi, 3:18 asubuhi
Aikande. Hilo si la kwenye grupu.

Baba Godi, 3:18 asubuhi
Ni henia.

Mama Neema, 3:20 asubuhi
Kaka, fomu ninayo mkononi. Na hujaweka sahihi.

Baba Joshua, 3:44 asubuhi
Naomba wa kitanda cha 5 aambiwe apunguze redio.

Mama Neema, 3:45 asubuhi
Baba Joshua, mko hatua mbili. Mwambie mwenyewe.

Baba Joshua, 3:46 asubuhi
Sina ugomvi na mtu. Naomba tu aambiwe.

Baba Godi, 3:50 asubuhi
Mwambieni redio ni yangu na betri nimenunua kwa pesa yangu. Sikuchukua kwa mtu.

Baba Joshua, 3:51 asubuhi
Kama ni habari ya kuchukua, aulizwe bati 28 ziko wapi.

Mama Neema, 3:51 asubuhi
Hapana. Hapana hapana. Tusianze.

Godi Dar, 4:10 asubuhi
Baba mdogo shikamoo. Kwa heshima zote, bati hazikuwa 28. Zilikuwa geji 28, yaani unene wake. Idadi yake ilikuwa 17.

Joshua, 4:12 asubuhi
Godi, daftari la babu limeandikwa "bati 28, za mama." Nimeliona kwa macho yangu.

Godi Dar, 4:12 asubuhi
Ndiyo. Geji.

Joshua, 4:13 asubuhi
Babu angejuaje geji?

Frenk wa Himo, 4:15 asubuhi
Geji 28 inapigwa na mvua ya Marangu miaka yote hiyo? Hapana. Ile ni 26. Mimi ni fundi.

Baba Godi, 4:22 asubuhi
Bati zile baba alinunua kwa pesa ya kahawa ya 1977, mwaka ule bei ilipanda watu wakanunua hadi viatu vya watoto. Magunia nilibeba mimi kichwani hadi chama cha msingi. Huyo alikuwa anacheza gololi. Mwambieni.

Baba Joshua, 4:25 asubuhi
Niliporudi kutoka Mwanza nilikuta mvua inamnyeshea mama sebuleni. Mwambieni na hilo.

Mama Neema, 4:26 asubuhi
MAJINA MATATU. Nina moja tu na huyo Frenk simwamini kwa kilo.

*

Baba Godi, 8:05 mchana
Ndugu zangu. Mambo ya Jumatatu yako mikononi mwa Mungu. Kwa hiyo natamka mbele ya ukoo. Ile nafasi moja iliyobaki pembeni ya mama ni yangu. Mimi ndiye kifungua mimba. Marumaru maboksi 6 yako stoo, ya kijivu, msije mkanunua ya rangi. Fundi nimeshamlipa nusu.

Mama Godi, 8:06 mchana
Baba Godi!! Marumaru yale uliniambia ni ya choo.

Baba Joshua, 8:14 mchana
Nafasi ile ni ya kitindamimba. Kihamba cha baba, shamba la ukoo na nyumba yake, ninakaa mimi, kwa mila. Mama nimemfumba macho mimi. Mimi nipo kwenye mashine ya figo mara tatu kwa wiki, masaa manne kila nikilala pale. Huyo na henia yake atafika miaka 90.

Mama Neema, 8:20 mchana
Mnasikia mnachoandika? Mama Joisi, mfongo wa juu, ule mfereji wa maji, unapita wapi siku hizi, hatuwezi kuongeza nafasi upande ule?

Mama Joisi, 8:31 mchana
Mparachichi umeshakula upande wote huo dada. Nilipima na kamba wakati wa msiba wa mama. Panaingia kaburi moja tu, na hilo kwa kubana.

Mama Neema, 8:33 mchana
Basi nasema hivi tufunge mjadala. Atakayetangulia ndiye alale pale. Wa pili tutamtafutia upande wa migomba. Turudi kwenye damu.

Baba Joshua, 8:36 mchana
Sawa. Kesho mashine siendi.

Mama Neema, 8:36 mchana
Nini?

Baba Joshua, 8:37 mchana
Umesema atakayetangulia.

Baba Godi, 8:40 mchana
Mwambieni na mimi fomu sisaini. Na dawa za presha za jioni nimeziweka chini ya mto.

Mama Neema, 8:40 mchana
Yesu wangu.

Mama Neema, 8:41 mchana
Kaka meza dawa. Sikusema mshindane!

Joshua, 8:44 mchana
Baba, kesho unaenda mashine. Ukiruka siku moja unajaa maji hadi kifuani, unajua mwenyewe ilivyokuwa Pasaka.

Baba Joshua, 8:45 mchana
Najua. Ndiyo maana.

Frenk wa Himo, 8:47 mchana
Samahani, naomba kuuliza. Wakitangulia siku moja, je, inakuwaje?

Mama Neema, 8:47 mchana
FRENK.

*

Shangazi Ndeshi, 10:22 jioni
🎤 Ujumbe wa sauti, 3:20

Godi Dar, 10:40 jioni
Niko kikaoni, naombeni mtu aandike Bibi kasemaje.

Neema Dodoma, 11:02 jioni
Nimesikiliza mara mbili. Naandika alivyosema.

"Shimbonyi wanangu. Mjukuu amenisomea yote, na ya tezi pia. Mimi nina miaka 88. Mama yenu nilimwosha kwa mikono hii. Baba yenu nilikaa naye siku tatu za mwisho, mwaka 2010, wakati huo ugomvi bado ulikuwa wa mfongo, bati hazijaingia. Hakuuliza mfongo. Aliuliza, wavulana wamekula? Nikamwambia wako jikoni, wanakula sahani moja. Mmoja alikuwa Mwanza. Mwingine alikuwa nyumbani kwake hapo chini, hatua arobaini, amenuna. Baba yenu akasema vizuri, akalala. Uongo ule ni wangu, nitaujibu mimi.

Sasa mnashindana kufa. Haya. Pembeni ya mama yenu hazikwi mtu. Panapandwa mgomba, nimeshamwambia kijana achimbe shimo. Na isale nimekata, jani letu la kuombana msamaha. Bodaboda analeta. Mnajua isale halikataliwi. Atakayelikataa, siku yangu ikifika asije, akija mtamfukuza. Nimemaliza."

*

Mama Neema, 1:15 usiku
Ameni Shangazi. Aika.

Mama Joisi, 1:50 usiku
🙏

Frenk wa Himo, 2:03 usiku
Bibi shikamoo. Mgomba wa aina gani? Pale kivuli cha mparachichi ni kikubwa, mshare hautazaa vizuri.

Mama Godi, 2:04 usiku
Futa, Frenk.

Frenk wa Himo
Ujumbe huu umefutwa

Mama Neema, 2:30 usiku
Isale limefika. Mlinzi alilizuia getini, akasema majani hayaingii hospitali. Bahati nzuri akatokea nesi wa kwetu Kilema, alipoliona akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka kwenye kikombe cha maji juu ya kabati katikati ya vitanda. Mungu ambariki dada yule.

Baba Godi, 2:36 usiku
Mwambieni nimelipokea. Nimemsamehe.

Baba Joshua, 2:38 usiku
Yeye amelipokea? Limewekwa upande wangu. Anayeleta isale ndiye mkosaji. Mwambieni mimi ndiye nimemsamehe.

Baba Godi, 2:39 usiku
Mwambieni kabati ni la kitanda cha 5. Lina namba.

Mama Neema, 2:55 usiku
Nimempigia bodaboda. Anasema aliambiwa tu "wapelekee wale wazee." Neema, muulize Bibi alilituma kwa niaba ya nani.

Neema Dodoma, 3:05 usiku
Amelala mama. Simu ameshazima.

Mama Neema, 3:10 usiku
Kesho basi. Kaka, dawa. Baba Joshua, saa 1 asubuhi wanakuja kukuchukua na kiti cha magurudumu, usimsumbue mtu. Na damu: Frenk, na nani? Godi?

Godi Dar, 3:30 usiku
Shangazi kazini wamenibana, siwezi kufika kabla ya Jumatatu. Nimetuma laki mbili kwenye namba yako.

Mama Neema, 3:31 usiku
Asante mwanangu. Laki mbili haiingii kwenye mshipa.

IJUMAA

Baba Joshua, 8:40 usiku
Huyu hakoromi.

Baba Joshua, 8:41 usiku
Jamani. Wa kitanda cha 5 hakoromi. Amekoroma tangu saa 4 sasa kimya

Baba Joshua, 8:42 usiku
Nani yuko macho

Baba Joshua, 8:42 usiku
Aikande

Baba Joshua, 8:44 usiku
Nesi hayuko mezani ameenda wodi ya pili

Baba Joshua, 8:45 usiku
Mimi miguu imevimba siwezi kushuka upesi

Baba Joshua, 8:53 usiku
Anapumua.

Baba Godi, 8:58 usiku
Mwambieni sikukoroma kwa sababu sikulala. Nilikuwa nasikiliza kifua chake. Kinalia kama bomba lenye hewa. Kesho asiporuka mashine itakuwa vizuri.

Mama Neema, 11:20 alfajiri
Nimeamka nakuta haya. Moyo umetaka kutoka. Mmeongea??

Baba Joshua, 11:31 alfajiri
Hatujaongea. Nilimwita tu.

Baba Godi, 11:33 alfajiri
Mwambieni jina lile asiniite mbele ya manesi.

Mama Neema, 11:34 alfajiri
Jina lipi?

Mama Neema, 11:40 alfajiri
Lile la Bwana Mzungu wa Misheni????

Baba Godi, 11:41 alfajiri
Aikande.

Mama Neema, 1:12 asubuhi
Baba Joshua ameenda mashine. Hakubishana. Ameondoka na blanketi la Kaka, sijui alipewa au alichukua, siulizi.

Joshua, 3:05 asubuhi
Shikamooni. Nimetoka Arusha alfajiri. Nimeshatoa damu, kwa jina la Baba mkubwa. Wamenipa soda na biskuti. Nimepita wodini kumsalimia.

Mama Godi, 3:07 asubuhi
Joshua mwanangu. Mungu akuzidishie.

Mama Neema, 3:08 asubuhi
Asante sana baba. Bado wawili. Frenk uko wapi?

Frenk wa Himo, 3:30 asubuhi
Nipo hapa hapa shangazi. Wamenipima kilo 47. Wamenikataa. Nilivaa na buti.

Mama Neema, 3:32 asubuhi
Nilisema. Basi BADO WAWILI. Mama Joisi? Vijana wa Mwika? Watu 31 mmesoma tena.

Mama Joisi, 3:50 asubuhi
Mimi dada nilitoa mwezi uliopita kule kanisani. Namuuliza Joisi.

Neema Dodoma, 4:15 asubuhi
Mama, Bibi ameamka. Nimemuuliza isale ni la nani kumwomba nani. Amenijibu kwa Kichaga, halafu akakata simu.

Mama Neema, 4:15 asubuhi
Amesemaje?

Neema Dodoma, 4:16 asubuhi
Sikuelewa yote. Kuna neno "wote," na neno moja ambalo nadhani si zuri.

Baba Godi, 5:05 asubuhi
Muulizeni nesi mashine huchukua masaa mangapi.

Mama Neema, 5:06 asubuhi
Manne, Kaka. Aliandika mwenyewe jana.

Baba Godi, 5:07 asubuhi
Aliingia saa 1 na dakika 20. Sasa ni saa 5 na 7.

Mama Neema, 5:08 asubuhi
Bado dakika 13. Wewe nakuja na fomu, uwe tayari.

Baba Godi, 5:09 asubuhi
Kalamu anayo yeye.

Godi Dar, 5:30 asubuhi
Na kuhusu ile nafasi, kwa hiyo ni mgomba kweli? Maana fundi wa marumaru ananipigia mimi.

Mama Neema, 5:31 asubuhi
Tutaongea Desemba mkija kuhesabiwa. Mwambie asubiri.

Baba Godi, 5:34 asubuhi
Asubiri nini, nimeshalipa nusu.

Baba Godi, 5:41 asubuhi
Hajarudi.

Joshua, 5:43 asubuhi
Niko naye Baba mkubwa. Wanamtoa sindano. Anauliza kama ulikunywa uji.

Baba Godi, 5:52 asubuhi
Mwambie nimembakizia.

Kijana wa Mwika, 7:18 mchana
Shikamooni wote. Simu ilikuwa haina bando, nimeona leo. Niandikeni namba 2. Ni mchango wa nini na mwisho ni lini?